Laptopu ya mwanafunzi asiyeona: kabla hujauliza RAM, papasa F na J

Mwaka jana mwezi wa tisa nilipoteza hela ya familia kwenye laptopu, na tangu hapo kina mama watatu na baba mmoja wa Sengerema wameniuliza swali lile lile, dada, mtoto wangu haoni na amepata chuo, nimchukulie mashine gani? Nimechoka kurekodi voice ndefu ndefu za WhatsApp kwa kila mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Mdogo wangu wa kiume haoni toka ana miaka minne. Kasoma kwa nukta nundu mpaka kidato cha sita, vidole vyake vinasoma haraka kuliko macho yangu. Alipopata chuo hapa hapa Mwanza tukachangishana nyumbani, mama akatoa hela ya dagaa zake za Mwaloni Kirumba, mimi nikaongezea, ikafika 480,000. Nikaenda mjini peke yangu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza, sikwenda naye. Muuzaji akanionyesha mashine ya mtumba, RAM 8 (kumbukumbu ya kufanyia kazi), SSD 256 (diski ya kuhifadhia mafaili), imetoka Ujerumani, haina hata mchubuko, na akaniambia kwa kuwa batani zake zina herufi za Kijerumani amenibandikia stika mpya za Kiingereza bure kabisa. Nikamshukuru na kumshukuru.

Jioni mdogo wangu akakaa nayo mezani. Akaweka vidole juu ya kibodi, akapitisha vidole vya shahada kwenye mstari wa kati kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama anasoma karatasi. Akarudia. Akaniuliza, "Dada, F iko wapi?" Nikamwambia hapo hapo kidole kilipo. Akasema hapana, hapa pako laini. Ndio nikachukua ukucha nikabandua stika ya F, na chini yake kakistari kale kadogo kalikoinuka kakatokea. J nayo hivyo hivyo. Stika za bure zilikuwa zimefunika vitu viwili pekee kwenye ile mashine yote ambavyo yeye alikuwa anavihitaji.

Kwa asiyejua, angalia kibodi yako sasa hivi. Kwenye F na J kuna vinundu. Sisi tunaoona tunachungulia chini tunaendelea, lakini asiyeona anaweka vidole vyake vya shahada pale na kila herufi nyingine anaihesabu kuanzia hapo. Ukiondoa vile vinundu umemtoa kijijini kwake, hajui yuko wapi, kila akiinua mkono anaanza upya. Ndio, programu ya kusoma skrini inamtamkia herufi aliyobonyeza, lakini inamtamkia akishabonyeza, yaani anaandika na kufuta, anaandika na kufuta.

Na kitu kilichoniuma zaidi nilipokuja kuelewa ni kwamba zile herufi za Kijerumani hazikuwa na shida yoyote kwake. Windows ukiiweka kwenye kibodi ya Kimarekani, batani zinatoa herufi za Kimarekani hata kama juu pameandikwa Kichina, na yeye hazisomi zile herufi. Stika zilimsaidia muuzaji kuuza, basi. Ila umbo la kibodi halibadiliki kwa settings. Nyingi za Ulaya Shift ya kushoto ni fupi, pembeni yake wameongeza batani moja kabla ya Z, na Enter ni nyembamba imesimama. Mdogo wangu akitaka herufi kubwa kidole chake kidogo kinaangukia kwenye hiyo batani ya ziada na mashine inasema "backslash". Nililala chumba cha pili nikisikia backslash, backslash, backslash mpaka saa sita usiku.

Kwa hiyo RAM, storage, kasi, hayo kila mtu atakwambia na hata muuzaji atakwambia bila kuulizwa. 8GB na SSD zinatosha, tumemaliza. Hapa naongelea kibodi.

Dukani fanya hivi. Nenda na mwenyewe atakayeitumia, hata kama anatoka Ukerewe asubiri siku ya meli aje. Beba flashi yenye NVDA. Hii ndio programu ya kusoma skrini ambayo wengi wanatumia, ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia ambaye mwenyewe haoni, na ni bure, narudia, bure. Unaweza kuitengenezea nakala ya kukaa kwenye flashi, ukichomeka na kuifungua mashine inaanza kuongea pale pale bila kuisakinisha. Halafu mwanafunzi abonyeze Insert na 1. Hapo kila batani atakayogusa inatamkwa jina lake na haifanyi kazi nyingine yoyote, kwa hiyo apitie kibodi nzima kuanzia Esc mpaka mshale wa mwisho, batani iliyokufa ataijua. Muuzaji atakunja sura, mwache akunje. Na achomeke earphone zake mwenyewe azitikisetikise, maana tundu likiwa limelegea mwanafunzi wako ndio amenyamaziwa darasani.

Sasa mashine zenyewe.

Ya kwanza, na sioni aibu kusema naipendelea, ni ThinkPad T480. Ndio tuliyoishia kununua. Ile kibodi ina mabonde, kila batani imebonyea kidogo katikati kwa hiyo kidole kinajua kiko juu ya batani au katikati ya batani mbili. Batani za F1 mpaka F12 zimegawanywa nne nne na kuna kanafasi katikati, kwa hiyo F5 unaipata bila kuhesabu kutoka mwanzo. Insert ina batani yake yenyewe, na amri nyingi za NVDA zinaanza na Insert. Mishale yote minne inashikika. Na kile kinundu chekundu cha mpira kilichopo katikati ya G, H na B, ambacho watu wengi hawajui hata kazi yake, kwa mdogo wangu ni alama ya tatu. Ananiambia akirudisha mkono kibodini anakigusa kile kwanza, F na J zinajipanga zenyewe. Ina betri mbili pia, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, umeme ukikatika ya nje ikiisha unabadilisha bila kuzima.

Ina kasoro na nitazisema. Kona ya chini kushoto ambapo mtu anategemea Ctrl wao wameweka Fn, ile ya kubadilishia kazi za batani nyingine. Unaweza kuzibadilishana kwa kubonyeza F1 mashine inapowaka, unaingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, unatafuta sehemu ya Keyboard, ila BIOS haiongei, kwa hiyo lazima mtu anayeona amfanyie. Fanya siku hiyo hiyo kabla vidole havijazoea vibaya. Fn na Esc kwa pamoja inafunga zile F1 mpaka F12 zibaki F, zisiwe za sauti na mwanga. Page Up na Page Down ziko juu kabisa ya mishale, mwanzoni atazigusa kwa bahati mbaya. Na zima ile padi ya mbele (touchpad), kiganja kikiigusa kasa, yaani kile kijistari kinachoonyesha unapoandika, inaruka na mtu hajui imerukia wapi.

Kwa nini T480 na sio T470 ambayo ni rahisi kidogo na kibodi karibu ni ile ile? Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. T480 nyingi ni kizazi cha 8, lakini zipo chache za cha 7, kwa hiyo soma namba ya prosesa, usisome stika. Na usikubali kabisa mashine ya Windows 7 kwa hoja kwamba "haoni, inatosha". NVDA zilizotoka kuanzia 2024 haziingii humo.

Ya pili, Dell Latitude. Ngumu, spea zake hapa mjini hazisumbui, mafundi wanazijua. Mpangilio unatofautiana modeli kwa modeli, nyingine Insert wameichanganya na batani nyingine mpaka ushike Fn. Sio mwisho wa dunia kwa sababu NVDA unaweza kuiambia itumie Caps Lock badala ya Insert, na wengi kwenye laptopu wanafanya hivyo. Lakini papasa kwanza.

Ya tatu, HP EliteBook 840. Mashine nzuri, nyepesi, sauti safi, na watu wataniuliza kwa nini nimeishusha. Mishale. Mshale wa juu na wa chini wameukata nusu nusu wakaubana katikati ya wa kushoto na wa kulia. Mtu anayetumia maus hata hajali. Asiyeona anasoma kwa ile mishale, mstari baada ya mstari, noti nzima ya mhadhiri kurasa 40 ni mshale wa chini, wa chini, wa chini. Kidole kikipitiliza kidogo amepanda badala ya kushuka na anasoma mstari ule ule mara mbili. Kwa mwenye vidole vyembamba sawa, mdogo wangu ana vidole vya baba yetu.

Za inchi 15 zenye namba pembeni, kama T580, muulize anayemfundisha. NVDA ina mpangilio wa aina mbili, wa dekstop na wa laptopu, na aliyefundishwa ule wa dekstop anazitaka zile namba kwelikweli. Ila ni nzito kwenye daladala ya Nyegezi saa moja asubuhi.

Mwenye uoni hafifu, na hapa nawafikiria sana wanafunzi wenye ualbino ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi, achague kioo kisichong'aa, kile kisichorudisha mwanga wa dirishani. Batani ya Windows na alama ya kujumlisha inafungua kikuza maandishi. Stika za herufi kubwa kwake zinafaa, toboa tu za F na J.

MacBook ina msomaji wake wa skrini ndani yake, VoiceOver, na ni nzuri, bei yake tuiache. Vilaptopu vipya vya bei ya chini vyenye kibodi bapa kama sahani, hapana. Chromebook ambazo zinauzwa kama laptopu ya kawaida, zina msomaji wake unaitwa ChromeVox lakini NVDA haiingii na Caps Lock haina, hapana.

Sasa wauzaji. Nilivyorudisha ile ya kwanza nikaambiwa mali ikitoka dukani hairudi, ila anaweza kunipa 200,000 kama nataka kubadilisha na nyingine. Siku tatu tu zilikuwa zimepita jamani. Nikaiuza kwa binamu anayeona kwa 350,000, hasara 130,000, na hiyo ni dagaa ngapi za mama mnajua wenyewe. Duka la pili nikaenda na mdogo wangu, muuzaji akawa ananiuliza mimi, "sista, yeye anataka ya kufanyia nini?" wakati mwenyewe amesimama mbele yake na fimbo yake nyeupe mkononi. Ana masikio. Muulize yeye. La tatu wakataka 80,000 ya kuingiza "programu ya vipofu", nikafungua flashi yangu nikawaonyesha ni ile ile NVDA ya bure. Mwingine akasema ana JAWS ya kukraki, yaani ya wizi, na JAWS ni programu nyingine ya kusoma skrini, ya kulipia, usipokuwa na leseni inakupa dakika 40 halafu uwashe mashine upya, sasa hiyo ya kukraki ikigoma usiku wa kuamkia mtihani utamfuata wapi? T480 ile ile, wiki ile ile, ng'ambo moja ya barabara 620,000 na ng'ambo ya pili 750,000, na hiyo ya pili nilitajiwa baada ya kuona fimbo.

Na bakiza hela ya mwalimu. Mashine bila mafunzo ni mzigo wa begi. Tulipata kaka mmoja, naye haoni, amemaliza chuo, anakuja Jumamosi. Wiki tatu za kwanza hakumgusisha intaneti wala Word, ni kuandika kwa vidole kumi tu, mpaka mkono unaenda bila kufikiri. Baadaye ndio amri za NVDA, kupanga mafaili, kutuma kazi kwa mhadhiri. Sauti ya Kiswahili ipo ndani ya NVDA, eSpeak, inaongea kama roboti ila mdogo wangu sasa ameiongezea kasi mpaka mimi sisikii neno hata moja.

Kama umeshanunua na vinundu vimelika, usitupe. Chukua rangi ya kucha isiyo na rangi, kwa ncha ya kijiti cha meno weka tone moja katikati ya F na moja J, acha usiku kucha, asubuhi ongeza la pili juu yake. Mimi nimeweka na kwenye namba 5 na mshale wa chini. Huu mwezi wa nne hayajabanduka.