Pedali za simuleta ya ndege: miezi minne ya kutua Luano na upepo wa ubavuni

Pedali hizi nilizinunua dola 90 kwa jirani aliyekuwa anahama Lubumbashi, bila boksi. Zamani nilikuwa nazungusha joistiki, fimbo ya kuongozea ndege, ili kugeuza usukani wa mkia. Shida ni kwamba mkono mmoja unabeba kazi mbili, kulaza bawa na kugeuza usukani, na upepo wa ubavuni unataka kazi hizo zipingane.

Kiangazi hapa kwetu upepo hutoka sana kusini-mashariki. Ukitua njia ya kurukia ya 07 ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, inayotazama karibu nyuzi 70, unakupiga kulia. Mimi huweka upepo unaotoka nyuzi 130, noti 15 (maili za baharini kwa saa). Noti 13 zinakuja ubavuni, na Cessna 172, ndege ndogo ninayorusha kwenye simuleta, watengenezaji waliionyesha ikitua na upepo wa ubavuni hadi noti 15, kwa hiyo mwanya ni mdogo. Nashuka pua imeelekea kulia kama nyuzi 11, njia naiona upande wa kushoto wa kioo. Karibu na lami, mguu wa kushoto unasukuma taratibu mpaka pua inyooke na mstari mweupe. Papo hapo mkono unalaza bawa la kulia, la sivyo upepo unakupeleka majanini. Gurudumu la kulia linagusa kwanza, linafuata la kushoto, la mbele mwisho. Na hapo usiachie! Mwendo ukipungua, joistiki inazidi kulazwa kulia, maana upepo bado unatafuta bawa la kuinua.

Hayo yote mguu wangu umeyajifunza kwa pedali hizi. Chemchemi yake ni laini vya kutosha kuhisi sentimita moja ya mwendo. Navua viatu, nabaki na soksi.

Kasoro zipo. Kwenye vigae zilikuwa zinanikimbia, nikagundisha vipande vya chubu ya baiskeli chini yake, zikatulia. Pedali zikiwa katikati, pua ilikuwa inatetemeka yenyewe. Nilifungua, nikasafisha potenshiometa, kifaa kinachopima mwendo wa pedali, kwa spiriti, ikapona. Breki ya kushoto mpaka leo ni dhaifu kuliko ya kulia.

Mpwa wangu wa miaka 15 alijaribu Jumapili. Alikandamiza mguu kwa pupa, pua ikaruka kushoto, tukaishia majanini. Nikamwambia, "Kanyaga kama kuna yai chini." Mara ya sita gurudumu la kulia lilitoa moshi peke yake, bawa limelala vizuri. Tangu siku hiyo ananiuliza, "Mjomba, utaziuza lini?" Siziuzi.