Thamostati ipi ununue injini isipotaka kupata moto

Wenye magari huku kwetu tunaogopa geji ya joto ikipanda. Ikikaa chini tunaona gari lina afya. Mimi niliishi na furaha hiyo miezi kadhaa, na Vitz niliyoinunua kwa mtu. Dar es Salaam taa ya bluu, ile inayoonyesha injini bado ni baridi, ilichelewa kuzima, basi. Nilipopanda nayo Njombe mwezi wa saba, kila mteremko taa ilirudi kuwaka, hita ikapuliza ubaridi, na mafuta niliyopigia hesabu ya kufika yakaisha kabla ya safari. Fundi alipofungua mahali pa thamostati akakuta patupu. Mtu alishaichomoa zamani "ili gari lisichemshe".

Kabla ya kwenda dukani, elewa unanunua nini. Thamostati ina nta ndani. Nta ikipata moto inatanuka na kusukuma vali, maji yanapita kwenda kupozwa kwenye rejeta. Kwenye 1NZ-FE, injini iliyojaa kwenye IST na Vitz za hapa, vali huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Yaani kazi yake ni kuzuia injini isipoe chini ya hapo. Kuchemsha mara nyingi ni kesi ya rejeta, feni, pampu na mfuniko wa rejeta. Thamostati ikikosekana au ikikwama wazi, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli, gia ya otomatiki inachelewa kupanda, na chini ya mfuniko wa oili unaweza kukuta utando mweupe. Utando huo umewafungulisha watu silinda hedi bure, kumbe ni mvuke uliokosa moto wa kuukausha.

Usinunue kwa kubahatisha. Washa injini ikiwa imelala usiku kucha, halafu shika hosi ya chini ya rejeta (kwenye 1NZ thamostati iko upande huo), ukichunga mkono usiguse feni. Hosi inatakiwa ibaki baridi dakika kadhaa, kisha ipate moto. Ikipata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, maji yanapita muda wote. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P0128 inasema jambo hilohilo. Ila tazama na feni: mafundi wengine huiunga moja kwa moja, ikazunguka toka unapowasha mpaka unapozima, na hapo thamostati mpya haitakuponya. Sensa ya joto nayo hudanganya.

Haya, dukani. Nafasi ya kwanza naipa thamostati ya kiwanda cha Japani kinachojulikana kwa kazi hiyo, kama Tama, yenye nyuzi zilezile za gari lako. Nyuzi hupigwa muhuri kwenye chuma chenyewe: 82 ndiyo utakayoikuta sana kwa Toyota. Kwa nini si ya boksi la Toyota? Ya Toyota halisi ni nzuri kuliko zote, sibishani, lakini boksi lake ndilo linaloigwa zaidi, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi. Kama una duka unaloliamini, linalotafuta namba ya spea kwa chesisi yako (nyingi huanza na 90916), ya Toyota inapanda juu. Kama huna, baki na ya kwanza.

Ya tatu ni mtumba, iliyong'olewa kwenye injini iliyoshuka na kontena. Wengi wanaidharau, mimi siidharau, mradi muuzaji akubali ijaribiwe kwenye maji ya moto mbele yako. Chini yake naweka ile ya nyuzi 76 au 77 unayouziwa kama "ya nchi za joto". Joto la Tanga halibadilishi joto ambalo kompyuta inalitarajia. Ukiifunga kwa injini iliyoandikiwa 82 umenunua nusu ya tatizo ulilokuja kulitibu.

Isiyo na jina wala nyuzi usiichukue hata kwa bei ya chai. Ikikwama imefunga, utachemsha kweli.

Na kutoweka thamostati kabisa ndiko kunakoshika mkia. Kwenye injini zenye thamostati ya vali mbili, vali ya pili huziba njia ya mkato injini inapopata moto. Ukiichomoa, sehemu ya maji huzunguka bila kugusa rejeta, na gari uliloliogopea kuchemsha linaweza kuchemsha kwenye mlima kwa sababu hiyohiyo.

Ukishanunua, itumbukize kwenye sufuria na kipimajoto. Kwa 1NZ, ikifika nyuzi 95 vali iwe imeinuka milimita 8.5 au zaidi. Njombe maji yanachemka kabla ya hapo, karibu 93 au 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usiihukumu ikipungua kidogo. Nunua na oringi (mpira wa kuziba) mpya, ya zamani itavuja. Kale katundu kenye kapini kanakochezacheza kakae juu thamostati itakapofungwa, ndiko hewa inakopitia. Jaza kulanti, si maji ya bomba, washa injini ikiwa baridi huku mfuniko wa rejeta uko wazi mpaka mapovu yaishe, kisha ufunge na uende mzunguko mrefu ukiangalia ile taa ya bluu.