Nimerudisha gari ya lizi, bampa ndiyo iliyoniponza

Mwezi uliopita nimerudisha gari ya lizi, yaani ile unayokodi kwa mkataba halafu unairudisha, baada ya miaka mitatu, na kama kuna mtu mkataba wake unakaribia kuisha asome hapa kwanza kabla hajakimbilia kwa fundi, maana mimi nilikimbia na nikazilipia mbio zangu.

Gari yenyewe haikuwa mbaya kihivyo. Mlango wa nyuma ulibonyea kidogo, kuna mtu aliugonga na mlango wake kwenye paking akaondoka zake kimya, ila rangi haikutoka. Rimu mbili zimechubuka kwa kupanda kingo za barabara (hapo ni mimi, sibishi). Boneti ina vidoti vidoti vya kokoto. Halafu bampa ya nyuma kwenye kona kuna mkwaruzo wa urefu kama wa kidole, nilikuwa napiga rivasi nikasahau kuna nguzo.

Kampuni za lizi huwa zina kijitabu kinachosema uchakavu wa kawaida unaishia wapi na uharibifu wa kulipia unaanzia wapi. Mimi nimekifungua wiki ya mwisho, fundi keshalipwa! Kumbe vile vidoti vya boneti vilivyoninyima usingizi wala hawana shida navyo.

Niseme kwanza kilichonifurahisha. Ule mlango niliupeleka kwa jamaa anayenyoosha bodi bila kupaka rangi, anapitisha vyuma virefu kwa ndani ya mlango anasukuma bati kidogo kidogo, na pembeni kaweka taa yenye mistari, wewe unaangalia tu mistari inavyojipinda kwenye bati halafu taratibu inanyooka, ikinyooka ujue bati nalo limenyooka. Haikufika hata masaa mawili na huwezi kujua paligongwa wapi. Ila aliniambia ukweli kabisa, rangi ikishapasuka au bati likijikunja kwenye ukingo yeye hana ujanja. Nampa tano kwa tano.

Sasa bampa. Nikataka rahisi. Nikapata fundi wa puti na rangi, leo unaacha kesho unachukua. Nimeichukua jioni ikaonekana poa tu, asubuhi jua limewaka aisee, ile kona imekuwa nyeusi kidogo kuliko fenda (rangi za metaliki ni ngumu kuzioanisha hizi), na ukipitisha kidole unasikia vumbi limenasa ndani kama punje za mchanga. Nikajipa moyo, nani ataona.

Mkaguzi aliona. Alizunguka gari na tochi mchana kweupe, alipofika pale akachuchumaa, akapitisha kiganja, akaandika "ukarabati mbovu". Yaani nikalipishwa bampa nzima ipakwe upya, juu ya hela niliyokwisha mpa fundi. Mkwaruzo ningeuacha ulivyo ningeulipia mara moja. Rimu sikuzigusa, nikachajiwa, na hiyo hainiumi.

Bima niliwaza nikaacha, kile kiasi unachotoa mfukoni kabla wao hawajaanza kulipa kilizidi kazi yenyewe. Tairi nazo ziangalie, nchi nyingi sheria inaishia milimita 1.6 za kina cha kashata (yale mafuta ya tairi yanayokanyaga barabara) lakini mkataba unaweza kutaka zaidi ya hapo, mimi moja ilikuwa inaelekea kuwa kipara nikaibadilisha mwenyewe.

Kitu kimoja nilifanya vizuri, niliosha gari nikaipiga picha pande zote siku ile ile ya kukabidhi, pamoja na dashibodi kilomita zionekane. Bili ilipokuja ikaniandikia pia kioo cha pembeni kimepasuka, nikashangaa kioo kipi tena hicho? Nikawatumia picha mbili, wakakitoa bila maneno mengi. Ukaguzi wa awali nao waliniambia ningeweza kuomba wiki kadhaa kabla, ningeenda kwa fundi nikiwa na orodha yao ya kasoro mkononi. Ila waliniambia hayo nikiwa tayari nasaini kurudisha, bana.

Mstari wa mwisho wa bili ulikuwa ufunguo wa pili, ambao niliapa kwamba sijawahi kupewa. Nimelipa. Juzi nimevaa jaketi la zamani, nikaingiza mkono mfukoni, uko hapo.