TAHADHARI: Muuza "gome la nguvu" wa pale sokoni, msimpe hela yenu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira mpaka koo limekauka. Mambo yangu ya tangu Machi mnayajua, nguvu za kiume zimegoma, sirudii zaidi. Ndiyo yaliyonipeleka kwake.

Msiniulize nilimwaminije. Ni huyuhuyu aliyemuuzia mama unga wa mlonge miaka miwili, na mama hajawahi kulalamika. Jumamosi akanivuta nyuma ya kibanda, akafungua kifuko cha nailoni, unga wa rangi ya kahawia iliyoiva. Akachota kwa ncha ya kisu, akalamba mwenyewe nikimwona. "Kaka, hii yohimbe, gome la mti wa Kameruni. Asilia tupu, haina kemikali." Nikamtumia 45,000 kwa simu palepale. Vijiko viwili, maji moto, tumbo tupu.

Nikanywa saa mbili usiku. Nusu saa haijafika, moyo unadunda nausikia masikioni, jasho la baridi, glasi hainikai mkononi. Mke wangu ananiuliza nina nini, nami kwa aibu namwambia malaria. Zahanati presha ikasoma 190 kwa 118. Hapo ndipo nikatoa kifuko mfukoni.

Daktari aliposikia jina tu akashika kichwa. Gome lile lina alkaloidi, yaani kemikali ya mmea wenyewe, inaitwa yohimbini. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna vipokezi ambavyo ni breki: noradrenalini, homoni ya kuushtua mwili, ikishamwagika ya kutosha, vinaizuia isiendelee. Yohimbini inaviziba. Breki hakuna, homoni inazidi kumwagika, mishipa ya damu inabana, moyo unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa, na mimi nimekaa kwenye kochi. Halafu mimi ni mtu wa vidonge vya presha kila asubuhi!

Yule muuzaji hakuniuliza hata mara moja kama nina presha. Kifuko hakina jina, hakina kipimo, hakina namba ya usajili. Risiti hana. Nilipompigia akasema "dawa inapambana na ugonjwa," akakata. Sasa hapatikani.

Huyu akamatwe. Afungwe, kibanda kivunjwe, hela za watu azirudishe zote! Ningekufa sebuleni mbele ya wanangu kwa unga wa elfu arobaini na tano.

Kifuko ninacho, Jumatatu nakipeleka TMDA, mamlaka ya dawa. Aliyenunua kwake asiuguse tena ule unga, na kama ana presha au moyo akapime leo. Aje inbox twende pamoja kutoa maelezo, jina lake sitalitaja.