Jenereta ipi ununue Tanga? Anza na oili

Ukiingia maduka ya Ngamiani kutafuta jenereta ya saluni au ya friji ya samaki, muuzaji atakuimbia wati. Sawa, wati zina kazi yake, ila mashine hizi huuawa na oili inayopungua kimyakimya. Injini kama Honda GX160 hubeba lita 0.58 tu. Ikipoteza robo lita, karibu nusu imekwenda.

Mimi ninazipanga hivi.

Namba moja ni ya petroli yenye kijiti cha kupimia pamoja na sensa inayozima injini oili ikishuka. Ongeza hela uichukue hii. Sensa hukata moto wa plagi kwa kuupeleka kwenye bodi ya chuma ya injini, kwa hiyo waya wake ukikatika au ukiliwa na kutu injini haizimi, inanguruma tu bila mlinzi. Kwa wakazi wa Sahare na Raskazone, chumvi ile ya baharini ikaguliwe kwenye viungo vya waya. Ukinunua iliyotumika, ufuate waya huo kwa macho kuanzia chini ya injini. Mafundi wengine huuchomoa mashine ikigoma kuwaka, kumbe iliwekwa kwenye mteremko tu, sensa ikadhani oili imepungua. Kwenye boti nayo itakusumbua, mawimbi yataizima ovyo.

Ya pili, dizeli yenye geji ya presha. Inafaa hoteli na kazi ya kutwa nzima, mradi majirani wavumilie kelele. Geji isikulevye: presha inaweza kukaa vizuri mpaka oili iwe imeshuka sana. Kijiti bado ni lazima.

Ya tatu, petroli yenye kijiti peke yake. Si mbaya ukiiwasha mwenyewe. Akiiwasha kijana wa dukani, mh!

Ya mwisho ni kile kidogo cha kuchanganya oili na petroli. Hakina kina cha oili cha kupima. Kwa kipimo cha 1:50 unatia mililita 20 kwa kila lita, na siku mkisahau pistoni inakamata. Taa mbili na televisheni, basi.

Jenereta mpya kwa kawaida huja bila oili. Tia kabla ya kuvuta kamba, mashine ikiwa imekaa sawa. Kwa injini za aina ya GX160, futa kijiti, kichomeke bila kukikaza, kisha usome. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, na baadaye kila saa 100 au miezi sita.