Mshauri wa vibali vya kupangisha wageni Edinburgh, nampa nyota nne

Wenye flati Edinburgh mnaotaka kupangisha wageni wa siku chache, jueni tangu 5 Septemba 2022 mji mzima ni eneo la udhibiti, yani nyumba nzima ambayo we mwenyewe hukai ndani yake lazima uiombee kibali cha mipango miji, alafu leseni ya halmashauri ni kitu kingine tena, vyote viwili unatakiwa uwe navyo. Huyu mshauri nimempenda sababu alinambia ukweli kabla hajala hela yangu, flati ya ngazi za kuchangia halmashauri wanakataa sana, masanduku yanaburuzwa usiku majirani hawalali, na nyumba za watu kuishi zenyewe hazitoshi. Akaniuliza kama flati yangu imetumika hivyo miaka 10 mfululizo maana hapo unaweza kuomba cheti cha uhalali badala ya kibali, mi wapi! Basi nikaachana na flati, sasa napangisha chumba humuhumu ninamoishi, leseni tu inatosha. Nyota moja nimekata kwa sababu simu hapokei jamani, na hela ya kuchora ramani ya nyumba haikuwemo kwenye bei aliyonitajia mwanzo, hiyo muulizeni mapema.