Inkscape na nembo za WhatsApp: uzoefu wangu

Wateja wetu wa fulana na stika hutuma nembo kwa WhatsApp, nayo huibana picha mpaka kingo zinaingia ukungu. Ukiikuza ifike ukubwa wa bango, unaona vidoti vitupu. Mashine ya kukatia stika ndiyo inashindwa kabisa, maana inahitaji mstari wa kufuata, na kwenye vidoti hakuna mstari. Kazi ya kugeuza vidoti hivyo kuwa mistari naifanya kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora iliyoanza mwaka 2003, na kwa nembo ya rangi moja sioni sababu ya kulipia nyingine.

Ichague picha, kisha ingia Trace Bitmap (amri ya kugeuza picha kuwa mistari) kwenye menyu ya Path. Injini iliyomo ndani ni Potrace ya Peter Selinger. Yenyewe inajua nyeusi na nyeupe tu: inatafuta mpaka wa giza na mwanga, halafu inauchora upya kwa mikunjo laini. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kipimo cha mwanga. Kinaanzia 0.45, nembo ikiwa hafifu nakipandisha polepole hadi mistari myembamba iache kukatika. Madoadoa yaliyoachwa na JPEG, aina ya faili la picha iliyobanwa, yanafutwa na chaguo la Speckles.

Rangi nyingi zinawezekana pia, kwa kuipitia picha mara kadhaa, ila angalia alama ya Stack. Ikiwashwa, rangi zinalaliana, na hilo ni zuri kwa kuchapa kwa sababu hakuna nyufa nyeupe katikati. Kwa stika za kukatwa naizima.

Maandishi madogo usiyapitishe humo, tafadhali. Matundu ya "a" na "e" yanaziba na kazi inaonekana ya kubahatisha. Tafuta fonti inayofanana uandike upya. Sura za watu nazo ziache zilivyo: utapata maelfu ya nodi (vituo vinavyoshika mistari), faili zito, na kompyuta yenye RAM ndogo itakwama. Afadhali umwombe mteja atume picha halisi kama dokumenti. WhatsApp haiibani ikipita njia hiyo.

Jambo linalowapotosha wengi: kuhifadhi tu kwa SVG, yaani faili la michoro ya mistari, hakugeuzi chochote, ni pikseli zilezile ndani ya faili jipya. Na hata ukishageuza, picha ya zamani inabaki chini ya mchoro. Usogeze mchoro pembeni, futa ile ya chini, ndipo utoe PDF ya kuchapa au DXF, faili la mistari la kukatia.